Uzi Haupindi: Jinsi ya Kujipima Makula ya Jicho Ukiwa Nyumbani

Mimi ni fundi tailizi, nakaa Mbagala, na kazi hii nimeifanya miaka ishirini na saba. Sukari ninayo tangu 2011.

Mwaka 2022 tulikuwa na nyumba Kigamboni, sebule ya mita sita kwa tano, tailizi za sentimita 60 kwa 60. Kijana wangu alikuwa ametangulia kupanga mstari wa tatu. Nilipoinama kuukagua nikaona umebonyea katikati, kama vile mtu amepiga goti juu yake kabla gundi haijashika. Nikamkaripia mbele ya mwenye nyumba, nikamwambia aung'oe wote. Hakubishana. Alichukua uzi, akauvuta toka ukuta hadi ukuta, akaniambia, "Mzee, tazama." Uzi nao nikauona umebonyea.

Uzi uliovutwa haupindi. Nikafumba jicho la kulia: uzi ukazidi kubonyea, na katikati ukafifia kama umepakwa vumbi. Nikafumba la kushoto: ukanyooka. Nilimwomba radhi kijana palepale, mbele ya mwenye nyumba yuleyule, kisha nikakaa juu ya maboksi ya tailizi kwa muda mrefu.

Jicho langu la kushoto lilikuwa limeanza kuharibika miezi kadhaa kabla ya siku ile, nami sikujua kwa sababu moja tu: jicho zima humfichia mwenzake. Ukitazama kwa macho yote mawili, ubongo unachukua picha ya lile linaloona vizuri na kuziba mapengo ya lile bovu. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uoni wa jicho moja huku anapanda daladala, anahesabu chenji na kusoma meseji bila shida.

Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma, funika jicho moja kwa kiganja, tazama fremu ya mlango au nondo za dirisha. Kisha funika la pili. Mimi ningefanya hivyo mara moja kwa wiki tangu nilipoambiwa nina sukari, ningekuwa na macho mawili mazuri leo.

Makula ni kitu gani

Neno hili lisikuchanganye na yale makula ya mtaani yenye maana ya chakula. Limetoka Kilatini, na maana yake ni doa. Jina kamili, makula lutea, ni doa la njano.

Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna utando uitwao retina, unene wake kama robo ya milimita. Huo ndio unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Katikati ya retina kuna eneo lenye upana wa milimita tano na nusu hivi, sawa na punje kubwa ya choroko. Hilo ndilo makula. Katikati ya makula kuna kibonde chenye upana wa milimita moja na nusu, kama kichwa cha pini, kinaitwa fovea. Kusoma, kuchomeka uzi kwenye tundu la sindano, kumtambua mtu kwa sura, kuona kama noti ni ya elfu mbili au ya elfu kumi, kazi hizo zote zinategemea eneo hilo dogo. Retina iliyobaki inakuonyesha pembeni: bodaboda inayokuja, mlango ulio wazi, ngazi chini ya miguu.

Ukitaka kujua udogo wake, nyoosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa dole gumba. Eneo unaloliona kwa ukali kamili ni karibu upana wa ukucha huo. Macho hayatulii, yanahama kila mara, ndiyo maana unadhani unaona kila kitu sawasawa. Kazia macho neno moja kwenye ukurasa huu bila kuyahamisha, ujaribu kusoma neno la mstari wa tatu chini yake. Halisomeki.

Chembe zinazopokea mwanga ni za aina mbili. Koni zinaona rangi na vitu vidogo lakini zinataka mwanga wa kutosha. Ziko kama milioni sita kwa kila jicho, na zimesongamana zaidi kwenye fovea. Fito ni kama milioni 120, zinafanya kazi gizani, na katikati kabisa ya fovea hazipo hata moja. Hili unaweza kulithibitisha umeme ukikatika usiku. Toka uani, tafuta nyota hafifu, uitazame moja kwa moja: inapotea. Tazama kidogo kando yake: inarudi. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Ni fovea isiyo na fito.

Kitu kingine kisichokuwa ugonjwa ni doa pofu. Pale mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho hakuna koni wala fito, kwa hiyo kila binadamu ana sehemu asiyoiona. Chora msalaba mdogo kwenye karatasi, na kulia kwake, sentimita nane, chora doti nene. Funika jicho la kushoto, tazama msalaba kwa jicho la kulia, sogeza karatasi mbele na nyuma polepole. Ikifika kama sentimita 30 kutoka usoni, doti inatoweka. Nakuonyesha hili ili ukikuta pengo kwenye kipimo kinachofuata usijiliwaze kwamba ni lile la watu wote. Doa pofu liko kando, kwenye kipimo kile halifiki.

Kuchora karatasi ya kujipimia

Daktari mmoja wa Uswisi, Marc Amsler, ndiye aliyeeneza kipimo hiki katika miaka ya 1940, na mpaka leo hospitali zinakitumia. Nilipopewa karatasi yangu niliicheka kwa furaha: ni sakafu ya tailizi iliyochorwa.

Chukua karatasi nyeupe isiyo na mistari, rula ya shule na kalamu nyeusi. Chora mraba wa sentimita 10 kwa 10. Weka alama kila nusu sentimita kwenye pande zote nne, unganisha. Utapata vyumba 20 kwa 20, jumla 400. Katikati kabisa weka doti nene inayoonekana wazi. Mistari iwe imenyooka kwelikweli, usichore kwa mkono mtupu, kwa sababu mstari uliopinda kwenye karatasi utakudanganya kila wiki. Kama mkono wako hautulii, mpe mwanafunzi wa nyumbani akuchoree.

Karatasi hiyo hushikwa sentimita 30 kutoka usoni, ambazo ni urefu wa rula yenyewe. Kwa umbali huo kila chumba kinachukua kama digrii moja ya uoni wako, na karatasi nzima inafunika eneo la makula. Ukiisogeza karibu zaidi au mbali zaidi kila wiki, huwezi kulinganisha.

Sasa namna ya kupima. Vaa miwani yako ya kusomea kama unayo. Bila miwani mistari itafifia na hutajua kinachosababisha ni nini. Kaa penye mwanga mzuri, mimi hukaa mlangoni asubuhi, jua likiwa halijanipiga usoni. Funika jicho moja kwa kiganja kilichokunjwa kidogo kama unachota maji, usilibonyeze, maana jicho lililobonyezwa huona ukungu kwa dakika kadhaa na zamu yake ikifika litakupa jibu la uongo. Tazama doti. Doti peke yake. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea: wanatembeza jicho kukagua mistari, na jicho likitembea, fovea inahamia kila mahali na lile pengo halionekani.

Ukiwa umetulia kwenye doti, jiulize. Doti yenyewe naiona? Pembe nne za mraba naziona zote bila kuhamisha jicho? Kuna mstari uliopinda, uliotetemeka, uliokatika? Kuna sehemu yenye ukungu au kivuli? Kuna vyumba vinavyoonekana vidogo au vikubwa kuliko wenzao? Hili la mwisho wengi hawalijui. Makula ikivimba, koni zinatawanyika, na kitu kinachoangukia pale kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Kwangu tailizi za upande mmoja zilionekana nyembamba.

Ukiona kasoro, chukua penseli uichore palepale kwenye nakala nyingine, kisha andika tarehe na jicho lipi. Halafu badili jicho. Ukianza na lile zuri au lile bovu haijalishi, ila usiache lolote.

Aliyevuka miaka hamsini, au mwenye sukari, ajipime mara moja kwa wiki. Aliyekwisha kuambiwa ana tatizo la makula ajipime kila siku, ni dakika moja tu. Mabadiliko mapya yasisubiri mwisho wa mwezi wala harusi ipite. Nenda wiki hiyohiyo. Na jicho likipoteza uoni ghafla, au likaona kama pazia linashuka, au cheche za mwanga na madoa meusi mengi kwa mpigo, nenda siku hiyohiyo, maana hiyo inaweza kuwa retina inabanduka.

Nasisitiza pia upande wa pili: karatasi ikiwa safi, haina maana retina yako ni nzima. Sukari inaweza kuharibu mishipa ya pembeni kwa miaka bila kupindisha mstari hata mmoja. Mwenye sukari lazima achunguzwe macho na daktari kila mwaka, mboni ikiwa imepanuliwa kwa dawa, hata kama anaona vizuri kabisa.

Kabla hujanunua miwani

Baada ya Kigamboni sikwenda hospitali. Nilikwenda duka moja la miwani, nikapimwa haraka, nikauziwa yenye namba kubwa zaidi. Mistari ikaendelea kupinda, sasa ikiwa mikubwa. Nilipoteza miezi mitatu hapo, na makula haisubiri miezi mitatu.

Kuna kipimo cha tundu ambacho kingenisaidia. Kata kipande cha boksi gumu, toboa kwa pini tundu la milimita moja. Funika jicho moja, weka tundu mbele ya lile jingine, usome kalenda iliyo ukutani. Kama herufi zinakuwa wazi zaidi kupitia tundu, tatizo kubwa liko kwenye namna jicho linavyokusanya mwanga, na miwani yaelekea itasaidia. Kama hazibadiliki au zinakuwa mbaya zaidi, tatizo linaweza kuwa ndani, kwenye retina, makula au mshipa wa fahamu, ama lenzi imefanya ukungu sana. Hapo miwani si dawa, muone daktari wa macho kwanza.

Mtoto wa jicho ndio jina tunalompa kila mzee asiyeona vizuri, na tunamwambia asubiri ukomae. Mtoto wa jicho ni ukungu kwenye lenzi, mbele ya jicho. Unafifisha picha yote na taa za magari usiku zinatapanya mwanga. Unafanyiwa upasuaji, lenzi bandia inawekwa, mtu anaona. Presha ya macho, yaani glakoma, inakula mshipa wa fahamu, mara nyingi ikianzia pembeni. Ugonjwa wa makula unakula katikati. Mzee anayemtazama mtu pembeni ya uso ili amwone, anayewapita watu bila salamu mpaka wazungumze, huyo asiitwe mwenye maringo na asiambiwe asubiri. Apelekwe.

Maneno utakayoyasikia kwa daktari

Makula yangu ilikuwa imevimba kwa sababu ya sukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa midogo ya retina zinadhoofika, zinavuja maji na mafuta, na makula inalowa. Ni kama sakafu iliyopata unyevu chini yake: tailizi nzima, lakini imenyanyuka. Daktari ataita uvimbe wa makula. Huku kwetu, kwa namna sukari ilivyoenea, ndilo neno ambalo ningependa kila familia ilijue.

La pili ni kuzeeka kwa makula, kunakowapata zaidi waliovuka miaka hamsini. Kuna aina kavu na aina yenye maji. Kavu huanza na vidoa vya njano vya mabaki vinavyojikusanya chini ya retina, vinaitwa druseni, na hutembea taratibu kwa miaka. Yenye maji ni ya haraka: mishipa mipya isiyo na maana inaota kutoka chini ya retina, inavuja, inatoa damu, na ikiachwa inaacha kovu. Kovu halirudi nyuma. Kavu inaweza kugeuka kuwa yenye maji, ndiyo sababu mwenye kavu anapewa ile karatasi ya vyumba. Sigara inaongeza hatari waziwazi, kwa hiyo anayevuta aache.

Mistari kupinda huitwa metamofopsia. Pengo lisiloona huitwa skotoma. Ukisikia hayo mawili yakiandikwa kwenye faili lako, ujue ni majina ya kile ulichokwisha kukieleza mwenyewe.

Makula huungua pia kwa kutazama jua. Tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na watu wakakusanyika Rujewa, Mbarali, kulitazama, tahadhari ya miwani maalumu haikuwa mapambo. Retina haina maumivu, inaungua bila mtu kusikia kitu, na doa la katikati linagundulika baadaye. Wanaotumia dawa ya haidroksiklorokwini kwa muda mrefu, kama wagonjwa wa lupasi, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, nao wanatakiwa kuchunguzwa makula, kwani dawa hiyo inaweza kuidhuru.

Na kuna jambo la watoto wenye ualbino. Fovea yao haikui kikamilifu tangu tumboni. Miwani inawasaidia, lakini haiwezi kuwapa fovea, kwa hiyo mwalimu anayemwambia mtoto "vaa miwani yako utaona" anamwonea. Mtoto akae mbele, apewe maandishi makubwa, aruhusiwe kusogeza daftari karibu na uso.

Niongeze hili kwa sababu limeumiza watu. Kwenye nyumba tuliyowahi kupanga kulikuwa na bibi ambaye uoni wake wa katikati ulikuwa umekwisha. Alianza kuona watoto waliovaa nguo za rangi, wamekaa kimya kwenye mkeka. Akanyamaza wiki nyingi kwa kuogopa kuitwa kichaa, na aliposema, waliletwa waganga na ubani ukafukizwa siku saba. Nilipokuja kumweleza daktari wangu habari hiyo, akaniambia ina jina: hali ya Charles Bonnet, aliyeieleza mwaka 1760 baada ya babu yake mwenye macho mabovu kuona watu na majengo yasiyokuwepo. Ubongo ukikosa picha kutoka kwenye macho unaweza kuunda za kwake. Akili ni nzima, na mtu mwenyewe mara nyingi anajua kwamba si kweli. Bibi yule alifariki bila kuambiwa maneno hayo. Ukiwa na mzee nyumbani asiyeona vizuri, muulize kwa upole kama anaona vitu.

Siku ya hospitali

Hapa Dar unaweza kuanzia hospitali za rufaa za mkoa, Temeke, Amana au Mwananyamala, upewe rufaa ikibidi. Muhimbili na CCBRT ya Msasani zina kliniki kubwa za macho. Beba karatasi zako zenye tarehe, orodha ya dawa, na daftari la sukari. Kama una bima, uliza mapema inalipia nini.

Nenda na mtu. Utawekewa matone ya kupanua mboni, na kwa saa nne hadi sita hutasoma, na jua litakuchoma machoni. Chukua kofia na miwani ya jua. Usiendeshe gari wala pikipiki.

Unaweza kupigwa picha kwa mashine ya OCT. Unaweka kidevu, unatazama alama, kisha picha inatoka ikionyesha retina kwa tabaka, kama ukuta uliokatwa katikati. Inatumia mwanga, si mionzi ya eksirei, na haigusi jicho. Mwombe daktari akuonyeshe kibonde cha fovea. Kwangu kulia kilikuwa kibonde kizuri; kushoto palikuwa na kilima chenye mashimo meusi ya maji.

Neno "sindano ya jicho" lilininyima usingizi usiku mzima, kwa hiyo nitakueleza jinsi ilivyo. Unalala chali, unatiwa matone ya ganzi, jicho linasafishwa kwa ayodini, kope zinashikwa na kifaa usipepese. Sindano haiingii kwenye mboni. Inapita sehemu nyeupe, milimita tatu na nusu hadi nne kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Unasikia kusukumwa, sekunde chache, imekwisha. Dawa yenyewe inazuia kemikali ya mwili inayoamuru mishipa ivuje na kuota. Mwanzoni hutolewa kila mwezi, na kuikatisha kwa sababu umeona nafuu ni kosa, uvimbe hurudi. Baadaye jicho huwasha kwa ile ayodini, huwa na wekundu, na unaweza kuona viputo vyeusi vikielea kwa siku moja au mbili. Lakini maumivu yanayoongezeka au uoni unaoshuka baada ya sindano ni hatari, rudi siku hiyohiyo, usiweke dawa ya duka.

Chakula nitakisema kwa kifupi. Rangi ya njano ya makula hutokana na luteini na zeazanthini, ambazo mwili hauzitengenezi. Zipo kwenye mchicha, matembele, kisamvu na kiini cha yai, na hufyonzwa vizuri zikiliwa na mafuta kidogo. Vidonge vya vitamini vilivyofanyiwa utafiti mkubwa Marekani, uliotoa majibu 2013, vinawafaa wenye kuzeeka kwa makula wa hatua fulani, vinapunguza kasi tu, wala si tiba ya uvimbe wa sukari. Mimi fedha ya vidonge nimeihamishia kwenye mashine ya kupimia sukari.

Karatasi yangu nimeibandika ndani ya mlango wa kabati, nikitoa shati naiona. Niliyoandika Jumapili iliyopita: kulia, mistari yote imenyooka, pembe nne naziona. Kushoto, vyumba vitatu chini ya doti vimebonyea kama mwezi uliopita, havijaongezeka, doti naiona.